Dirisha la Mjomba

Jumamosi moja ya mwezi wa tatu nilifika Karume nikamkuta mjomba wangu anamgombeza mama mmoja mbele ya watu. Mama kashika simu mkononi, machozi yanamlengalenga. Mjomba kakunja mikono, anasema sentensi moja tu, halafu anairudia: "Mama, kompyuta haidanganyi."

Kompyuta ilikuwa inadanganya. Na aliyeifundisha kudanganya nilikuwa mimi, mwanafunzi wa mwaka wa nne wa uhandisi wa kompyuta, ambaye nyumbani wananitaja kwa majirani kila wanapopata nafasi.

Ngoja nianze mwanzo.

Mjomba anauza mitumba soko la Karume, Mchikichini. Wengi wenu mnalijua hata kama hamjui kwamba mnalijua, maana jinzi za mwaka wa kwanza tulizinunua pale bumu lilipoingia. Unashuka mwendokasi Kariakoo, unafuata Barabara ya Uhuru kwa mguu, na kabla hujaliona soko unaanza kusikia wauzaji wanavyoita bei. Mjomba hauzi nguo moja moja. Anafungua mabelo na kuwagawia akina mama wanaozungusha nguo mitaani: Buguruni, Vingunguti, Tandika. Wengi wao hawana hela ya kulipa papo hapo, kwa hiyo wanachukua mali kauli. Kwa ambao hawajawahi kufanya biashara: unabeba mzigo leo kwa neno lako, unauza, unaleta hela wiki ijayo. Ukileta, unapewa mzigo mwingine. Usipoleta, jina lako linaharibika soko zima, na pale habari hutembea kuliko bodaboda.

Biashara ya namna hii inasimama juu ya kitu kimoja: kujua nani anadaiwa ngapi. Wenzake Mjomba wanaandika kwenye madaftari. Yeye tangu 2017 anatumia kompyuta, na hapo ndipo mimi ninapoingia.

Mwaka huo alikuwa amepanga nyumba moja na kijana wa chuo, humo humo Mchikichini, dakika kumi kutoka sokoni. Huyo braza alikuwa na programu ndogo ya kutunza mzigo na madeni, ambayo yeye na wenzake walikuwa wameianza miaka ya nyuma kama mradi wa darasa na kuiweka GitHub kama programu huria, yaani msimbo wake uko wazi, yeyote anaweza kuusoma, kuutumia na kuurekebisha. Akampatia Mjomba kompyuta ya mezani iliyotumika, akaweka Ubuntu 16.04, akamfundisha jioni tatu mfululizo. Halafu akamaliza chuo, akahama.

Programu kama hiyo ina tumbo na ina uso. Tumbo ni hesabu: nani kachukua nini, kalipa ngapi, baki ngapi. Uso ndio ule unaouona na kuubonyeza, vitabu vyetu vinauita kiolesura. Uso wa programu ya Mjomba ulikuwa dirisha moja la kijivu lenye vitufe vikubwa: MTEJA, MZIGO, MALIPO, DENI. Kiswahili kitupu. Mjomba hakuwahi kuliita programu. Aliliita "dirisha langu".

Mnatakiwa kuelewa kwa nini alilipenda. Usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 16 Januari 2022 soko la Karume liliungua. Ilikuwa miezi sita tu baada ya moto wa soko kuu la Kariakoo wa Julai 2021, na watu walikuwa bado wanauzungumzia ule wa kwanza. Meza ya Mjomba ikaungua, mabelo yakaungua. Nilikuwa mwaka wa kwanza, nilikwenda asubuhi ile, nikaona watu wazima wamekaa chini wanaangalia majivu. Pamoja na mali, wengi walipoteza madaftari. Deni ambalo halijaandikwa popote ni nani atakuja kulikumbusha?

Kompyuta ya Mjomba ilikuwa nyumbani. Jioni ile aliiwasha, akafungua dirisha lake, akabonyeza DENI, na majina yakashuka moja baada ya lingine. Akapiga simu jina kwa jina. Si wote waliolipa, lakini waliolipa walitosha kununua belo la kwanza la kuanzia upya. Sasa mtu wa namna hiyo, uje umwambie dirisha lake limepitwa na wakati?

Mimi nilianza kuitunza hiyo programu mwaka wa pili. Sikuombwa. Nilikuwa natafuta kitu halisi cha kujifunzia, nikaikuta ripo imelala, nikawavuta washkaji wawili wa darasani. Tukawa watatu. Tuliona haraka kwamba watu wanataka kutumia simu, kwa hiyo tukaandika uso wa pili, unaofunguka kwenye kivinjari. Hauhitaji bando: kompyuta ya dukani ndiyo inayoendesha kila kitu, simu zinaunganishwa nayo kwa Wi-Fi ya palepale. Watumiaji wachache tuliokuwa nao wakahamia huko.

Sasa tulikuwa na nyuso mbili juu ya tumbo moja. Kila tukibadilisha kitu tumboni, ilibidi tukirekebishe mara mbili. Mara ya kwanza tulifanya. Mara ya pili tukafanya kwa kulalamika. Mara ya tatu tulikuwa na mitihani, na nani anataka sapu kwa sababu ya dirisha la kijivu?

Tena lile dirisha halikuwa rahisi kurekebisha. Liliandikwa kwa Python 2, lugha ambayo wenyewe waliacha kuitunza tarehe 1 Januari 2020. Lilichorwa kwa PyGTK, ambayo toleo lake la mwisho ni la 2011. Ukichukua Ubuntu ya 2020 na kuendelea, PyGTK haimo kabisa kwenye hazina yake. Kwa maneno mengine, dirisha la Mjomba lilikuwa linaishi kwa sababu tu kompyuta yake haikuwahi kusasishwa, na Ubuntu 16.04 yenyewe iliishiwa huduma ya kawaida ya bure Aprili 2021.

Mtu atauliza: si mngelihamishia tu kwenye vifaa vipya? Jamani. Mnaijua GIMP, ile programu huria ya kuhariri picha. GTK, vifaa vya kuchorea madirisha, ilizaliwa kutokana na GIMP yenyewe. Hiyo G ya mwanzo ndiyo GIMP. GTK 3 ilitoka 2011. GIMP iliyojengwa juu ya GTK 3 ilitoka Machi 2025. Miaka kumi na minne, na hao ndio wenye nyumba. Sisi tulikuwa watatu, tena wawili kati yetu tunategemea laptopu moja.

Kwa hiyo tulifanya kile ambacho kila mtu hufanya. Tuliandika mstari mmoja kwenye faili la maelezo, kwa Kiingereza, kwamba uso wa dirisha hautunzwi tena. Halafu tukauacha pale pale.

Mwezi wa pili mwaka huu binamu yangu, binti wa Mjomba, alianza kumsaidia sokoni. Akataka kurekodi malipo kwa simu. Nikaenda, nikasasisha tumbo la programu, nikamuwekea uso wa kivinjari. Mjomba alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Anko, dirisha langu usiliguse."

"Siligusi, mjomba."

Na kweli sikuligusa. Hilo ndilo kosa lenyewe.

Zamani kila mteja alikuwa na tarakimu moja ya baki. Akilipa, tarakimu inapunguzwa, basi. Sisi tulikuwa tumebadilisha: kila malipo yanaandikwa kwenye jedwali lake, na baki inakokotolewa kwa kujumlisha. Ni utaratibu mzuri, unaona nani alilipa lini. Lakini dirisha halikujua habari hizo. Liliendelea kusoma ile tarakimu ya zamani na kuandika kwenye ile ile ya zamani. Malipo aliyoingiza binamu kwa simu yalikwenda kwenye jedwali jipya. Malipo aliyoingiza Mjomba kwa dirisha yalibaki kwenye tarakimu ya zamani. Kompyuta moja, vitabu viwili, na kila uso ulijua nusu ya ukweli.

Yule mama wa Vingunguti alikuwa amelipa 180,000 siku ya Alhamisi kwa lipa namba. Binamu akaingiza. Jumamosi akaja kuchukua mzigo mpya, Mjomba akafungua dirisha: deni 430,000, halijapungua hata shilingi. Mama akaonyesha meseji. Mjomba akasema meseji hizi siku hizi watu wanatengeneza. Ndipo mimi nikatokea.

Nilichukua simu ya binamu, nikafungua kivinjari. Baki: 250,000. Nikamwonyesha Mjomba. Akatazama simu, akatazama mama, akatazama simu tena. Waliokuwa wamesogea kusikiliza wakaanza kutawanyika kwa adabu ile ya watu walioona kitu ambacho hawakutakiwa kukiona.

"Mama, nisamehe," Mjomba akasema. "Ni kompyuta."

Mama alifunga mtandio wake vizuri. "Kaka, nimechukua mzigo kwako miaka mitano. Hata siku moja hujaniuliza mimi. Umeuliza hiyo kompyuta." Akaondoka bila mzigo.

Usiku ule hatukulala. Mimi na binamu tulikaa na hifadhidata na meseji za malipo, tukalinganisha mteja mmoja mmoja. Wateja saba walikuwa na hesabu mbili tofauti. Watatu walionekana wanadaiwa kuliko ukweli. Wanne walionekana wanadaiwa pungufu, na hao, kama mnavyoweza kubuni, hawakuwa wamelalamika. Mjomba alikaa kitandani anatusikiliza. Saa tisa usiku akauliza, "Ulikuwa unajua?"

Nilitaka kusema sikujua kwamba ingetokea hivi. Ilikuwa kweli. Lakini nilijua kwamba dirisha halitunzwi. Nilikuwa nimekiandika kabisa, kwa lugha ambayo yeye hasomi, kwenye faili ambalo yeye hatalifungua maisha yake yote. Nikamwambia, "Nilijua kwamba hatulitunzi."

"Na hukuniambia."

"Sikukwambia."

Wiki iliyofuata tulikaa watatu kantini. Nilileta hoja ya kulitoa dirisha kabisa kwenye programu. Hawakukubali kirahisi, na sababu zao hazikuwa za kipuuzi. Mmoja alisema msimbo hauli chakula. Mistari elfu nne iliyokaa kwenye diski inamdhuru nani? Mwingine alisema tukiufuta tunamdharau braza aliyeuandika, maana bila dirisha lile hii programu isingekuwepo.

La kwanza nililijibu kwa yule mama. Msimbo uliokufa kabisa hauna madhara: ukiubonyeza unakataa, unajua moja. Hatari ni ule usiotunzwa lakini bado unapumua. Unafunguka, unaonyesha tarakimu, vitufe vinaitika, na mtu anauamini kwa sababu jana na juzi ulimwambia kweli. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na sisi tulikuwa tumekihifadhi wenyewe, kwenye ripo yetu, kwa heshima zote.

La pili lilinisumbua zaidi, kwa sababu hapa Mlimani tuna historia na jambo hili. Mwaka 2004 watu wa Idara ya Sayansi ya Kompyuta, wakishirikiana na kampuni ya IT+46 ya Uswidi, waliendesha mradi ulioitwa Kilinux. Walichukua OpenOffice, programu huria ya ofisi, wakaigeuza kwa Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice. Fikirieni: zaidi ya miaka ishirini iliyopita, menyu nzima ya programu ya ofisi inasomeka kwa lugha ya mama anayeuza nguo Karume. Mimi nilipoijua kwa mara ya kwanza nilijisikia fahari, halafu nikajiuliza mbona sijawahi kuiona kwenye kompyuta ya mtu yeyote.

Jibu halina mchawi. OpenOffice yenyewe iligawanyika mwaka 2010, ikazaliwa LibreOffice. Kila toleo jipya linakuja na maneno mapya ya kutafsiri, vitufe vipya, maonyo mapya. Kiolesura cha Kiswahili hakikamiliki siku ya uzinduzi; kinahitaji mtu wa kukaa nacho mwaka hadi mwaka. Asipokuwepo, Kiingereza kinaanza kuchungulia kwenye menyu kidogo kidogo. Kwa hiyo niliwaambia wenzangu: tunaweza kuwaheshimu waliotangulia kwa njia mbili. Ama tukitunze walichokiacha, ama tukiri wazi kwamba hatuwezi. Kukiacha kioze huku tukikisifia si mojawapo.

Nilikuwa na mfano mwingine, na huu ndio uliotupa njia. Mwaka 2004 huo huo, Paul Biondich na Burke Mamlin wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana, Marekani, walikwenda Eldoret, Kenya, kwenye mpango wa matibabu ya VVU ambao wagonjwa wake walikuwa wanaongezeka kuliko uwezo wa mfumo wa kumbukumbu uliokuwepo. Kutokana na kazi hiyo ikazaliwa OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa, ikaanza kutumika Eldoret 2006. Leo KenyaEMR ya Kenya na UgandaEMR ya Uganda zimejengwa juu yake.

OpenMRS nayo ilikuwa na uso wa zamani, uliofungwa pamoja na tumbo. Kila kliniki ilikuwa imeuzoea. Hawakuamka asubuhi moja wakaufuta. Kwenye toleo la 2.0 la jukwaa lao, mwaka 2016, waliutoa ndani ya programu mama wakauweka pembeni kama moduli inayojitegemea, wakaipa jina linalosema ukweli: Legacy UI, yaani uso wa urithi. Anayeuhitaji anausakinisha mwenyewe, akijua anachosakinisha. Anayeweza kuutunza, autunze. Tumbo likapata uhuru wa kubadilika bila kuburuta kurasa za zamani.

Hapo ndipo tulipokubaliana. Sisi hatukuwa na mtu hata mmoja wa kulitunza dirisha kama moduli ya pembeni, kwa hiyo letu lilikuwa linaondoka moja kwa moja. Lakini lingeondoka kwa utaratibu. Tuliandika mambo manne: kumtafuta aliyeliandika, kumtafuta kila anayelitumia, kujua dirisha linafanya nini ambacho kivinjari hakifanyi, na kuweka alama kwenye historia ya ripo ili anayetaka kulifufua ajue pa kulichukua. Kwenye git kitu kilichofutwa hakipotei. Kinabaki kwenye historia, kama jina la mtaa wa zamani ambalo makonda bado wanalitaja.

Braza tulimpata. Anafanya kazi Dodoma sasa. Nilimwandikia barua pepe ndefu ya heshima, aya sita, naomba radhi mapema. Akajibu siku ya pili: "Futa tu mdogo wangu. Nilidhani mlishafuta zamani. Kwani kuna mtu bado analitumia?" Halafu mstari wa chini: "Msalimie mzee."

Watumiaji wa dirisha tuliwapata wawili. Mmoja alikuwa na duka la vipuri, akasema aliacha kulitumia mwaka juzi. Wa pili mnamjua.

Nilikwenda kwa Mjomba siku ya Jumapili, soko limetulia. Nikamwamkia, nikakaa, nikamweleza lote, pamoja na tarehe: mwisho wa mwezi wa nne dirisha linaondoka. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali ambalo hakuna mhadhiri aliyewahi kuniuliza.

"Mnalitoa kwa sababu ni bovu, au kwa sababu nyinyi hamlitaki?"

Nilifikiri. "Lilikuwa zima, mjomba. Limekuwa bovu kwa sababu hatulitaki."

Akacheka kidogo, kile kicheko cha puani. "Angalau umesema."

Halafu tukafanya kazi ambayo tulipaswa kuifanya miaka miwili kabla. Nilikaa naye jioni mbili bila kumfundisha chochote, namtazama tu anavyofanya kazi. Nikagundua vitu ambavyo sisi watatu, na elimu yetu yote, hatukuwa tunavijua. Mjomba hatumii kipanya. Anabonyeza F2, anaandika herufi tatu za jina, mteja anatokea. Uso wetu wa kivinjari ulikuwa unataka ubonyeze mara nne kufika hapo. Dirisha lilikuwa linachapa risiti kwa kubonyeza kitufe kimoja. Letu lilikuwa linatengeneza faili ambalo unatakiwa ulitafute lilikokwenda. Na maandishi ya dirisha yalikuwa makubwa. Mjomba ana miaka hamsini na nane na miwani yake anaisahau nyumbani. Sisi tulichagua maandishi madogo kwa sababu yalipendeza kwenye laptopu zetu.

Yaani muda wote tulipokuwa tunasema mzee hataki kubadilika, ukweli ni kwamba uso wetu mpya ulikuwa mbaya kwake. Tulirekebisha: F2, risiti, maandishi. Ilituchukua wiki mbili. Halafu kwa wiki mbili nyingine dirisha likawa linafunguka na ujumbe juu yake, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa: DIRISHA HILI LINAONDOKA TAREHE 30. MADENI YA KWELI YAKO KWENYE KIVINJARI. Na vitufe vya kuandika tukavifunga, abaki anaweza kutazama tu. Kila siku alipigiwa kengele hiyo mahali anapotazama, si kwenye faili la maelezo.

Tarehe 30 Aprili usiku nilifuta mistari 4,212. Mikono ilisita kidogo, siwadanganyi. Kwenye ujumbe wa mabadiliko niliandika kwa Kiswahili, nikataja mwandishi wa kwanza, mwaka aliolianza, na kwamba dirisha hili ndilo lililoonyesha madeni jioni ya tarehe 16 Januari 2022. Nilitaka atakayechimba historia ile siku moja ajue kwamba hatukufuta takataka.

Mjomba sasa anatumia kivinjari. Ameweka kifupisho katikati ya skrini, na jina alilokipa ni lile lile: Dirisha. Bado analalamika rangi.

Yule mama hajarudi. Mjomba alimpigia simu mara mbili, ya pili akamwomba radhi kwa kirefu, na mama akamwambia ameshasamehe. Nadhani kweli amesamehe. Lakini anachukua mzigo kwa mwingine, meza ya tatu kutoka kwetu, kwa mfanyabiashara anayetumia daftari. Kila nikienda Karume Jumamosi namwona anapita na furushi lake. Ananisalimia vizuri. Mimi ndiye ninayeangalia chini.

Nawaandikia haya kwa sababu ni msimu wa miradi ya mwaka wa mwisho. Wengi wenu mtatengeneza kitu, mtakipeleka kwenye zahanati ya mtaani, kwenye duka la shangazi, kwenye SACCOS ya kanisani au msikitini. Mtapiga nacho picha, mtapata alama, mtahitimu, mtavaa joho. Na kitu kile kitabaki kinapumua kule, kinaonyesha tarakimu kwa mtu anayekiamini kwa sababu kilitoka chuo kikuu. Kwenye ripoti ya mradi tunaandika sura nzima ya jinsi ya kusakinisha. Sijaona ripoti yenye hata ukurasa mmoja wa jinsi ya kuondoa.

Kabla hujaondoka, rudi pale. Mwambie mwenye duka, kwa mdomo wako na kwa lugha yake, kwamba kuanzia mwezi fulani hakuna atakayekitunza. Mwonyeshe atakavyotoa taarifa zake humo. Kama kuna wa kumrithisha, mpeleke umkabidhi. Kama hakuna, kizime mwenyewe ukiwa bado upo kujibu maswali. Hakuna alama za kazi hiyo, najua. Mimi niliahirisha miaka miwili, na aliyelipa gharama ni mtu ambaye hata jina la programu yetu halijui.